Hakuna Aliyepoteza Maisha

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mpwa wangu. Sisi huku tupo. Mama hajambo, ila goti lake limekuwa na siasa zake: asubuhi linakubali, jioni linapinga. Anatembea akishika kuta kama mtu anayezipima. Wifi yako amebadilishiwa zamu pale zahanati, anaingia alfajiri, kwa hiyo chai najipikia mwenyewe, na unajua chai yangu ilivyo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya duka la dawa imenichosha. Juzi nilipokuwa nakueleza habari za mbunge wetu, muuza dawa alimwacha mteja na homa yake, akasimama mdomo wazi ananisikiliza, mpaka akanisahihisha. Tena mimi na wewe kwenye simu hatufiki dakika tatu bila kugombana. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Kwenye duka langu la kunyoa mambo ni yale yale. Viti viwili, kioo, redio juu ya kabati, na wateja ambao nusu yao hawana hata nywele. Wanakuja kubishana tu. Jina langu wamelisahau, siku hizi ni Spika. "Mheshimiwa Spika, naomba nafasi nichangie." Wiki nzima hoja ilikuwa ile vita ya nchi mbili za mbali. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuzionyesha kwenye ramani, lakini tumegawanyika pande mbili, na fundi cherehani wa jirani hasemi na muuza magazeti kwa ajili ya mpaka ambao hakuna hata mmoja wao atakayeuona. Mimi kinachoniudhi ni kwamba wale wakirushiana mabomu kule, unga unapanda bei hapa. Nani alituuliza? Halafu viongozi wa mataifa makubwa wanakutana kujadili joto la dunia, kila mmoja kaja na ndege yake. Wewe ndiye uliyeisoma hiyo habari redioni, na uliisoma bila kucheka. Hongera.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Alhamisi saa saba mchana ulitusomea kwamba daraja letu limekamilika, ni "la kisasa", "litadumu vizazi hadi vizazi", na waziri atakuja kulifungua. Watu walinipigia makofi mimi, kana kwamba nililijenga. Kitini alikuwa amekaa mwashi mmoja aliyefanya kazi pale darajani miezi minne. Yeye hakupiga makofi. Nilikuwa namnyoa shingo, nikahisi ameikaza. Alipoinuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Spika, zege lile lina mchanga kuliko saruji. Tulisema, tukaambiwa tufunge midomo au tufungashe."

Swali langu ni dogo tu. Hayo maneno ya vizazi hadi vizazi anayaandika nani? Na huyo mwandishi amewahi kulikanyaga hilo daraja?

Mama anasema unywe maji kabla ya kusoma. Jumatano sauti yako ilikwaruza.

Kaka yako,
Spika


26 Februari

Shikamoo kaka,

Barua yako imechukua siku kumi na saba, na kwenye bahasha kuna alama ya kikombe, kwa hiyo kuna mtu wa posta aliyeisoma akiwa ametulia kabisa. Mwambie Mama shikamoo, na maji nakunywa. Kilichokwaruza Jumatano ni jina la waziri mkuu mpya wa nchi moja ya kaskazini. Lina herufi kumi na tatu, irabu mbili. Nililifanyia mazoezi chooni likatoka vizuri, nilipofika kwenye kipaza sauti likanikwama kama mfupa.

Mpwa wako yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na amekuwa mbishi. Jana kaniambia uchumi wa dunia umeshikwa na watu mia moja. Nikamuuliza hayo umeyatoa wapi? "Kwa mjomba." Asante sana, kaka. Ana mtihani Novemba na mtihani hauulizi hayo.

Unauliza nani anaandika. Hebu nikueleze chumba changu, maana nadhani wewe unaniona nimekaa kwenye kiti kikubwa natoa amri. Ni chumba cha hatua nne kwa tatu, kuta zimebandikwa sponji, hakuna dirisha la nje. Kuna meza, taa nyekundu, saa ya ukutani, na kioo ambacho nyuma yake anakaa mhariri. Karatasi zinapitishwa kwenye upenyo chini ya kioo. Mimi nasoma. Siandiki, sifuti, siongezi hata mkato. Mwaka juzi niliruka neno "shupavu" mbele ya jina la waziri, bahati mbaya tu, jicho liliteleza, na niliandika barua ya kujieleza kurasa mbili. Nyumba ninayokaa ni ya shirika. Ukiachishwa kazi unapewa siku saba. Sikwambii unionee huruma, nakwambia ujue.

Usidhani mimi sichoki. Wiki hii nimesoma kwamba uchaguzi wa jirani zetu ulikuwa huru na wa haki, na kura zilikuwa bado zinahesabiwa. Nimesoma kwamba mataifa makubwa "yameelezea wasiwasi wao". Kila siku yanaelezea wasiwasi. Nimelitamka hilo neno mpaka limekuwa halina maana mdomoni, kama unavyotafuna kitu mpaka ladha inaisha.

Hilo la mwashi, tafadhali usilirudie mbele ya wateja. Si kwamba silijali.

Mdogo wako


18 Machi

Mama yupo. Wifi yako yupo. Mimi nipo. Salamu zimekwisha.

Jumanne tarehe kumi na mbili, siku ya soko, saa nne asubuhi, daraja limeanguka. Siku kumi na moja baada ya waziri kukata utepe.

Nilisikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Nilikuwa nimemnyoa mteja upande mmoja. Tukatoka mbio, yeye na kichwa chake nusu, mimi na mkasi mkononi. Katikati ya daraja hapakuwa na kitu. Tukaingia majini. Mimi na fundi cherehani tulimtoa mwalimu wa hesabu. Nilimjua kwa kisogo, maana nilimnyoa saa moja kabla, na mstari wa shingoni ulikuwa bado umenyooka. Alikuwa hapumui. Tukawatoa wale ndugu wawili wauza vitunguu, mtu na mdogo wake, mmoja ameshika gauni la mwenzake. Hatukuweza kuwaachanisha mpaka zahanati. Wa nne ni fundi baiskeli. Wifi yako ndiye aliyewafunika. Aliwahesabu yeye, niliwahesabu mimi. Wanne.

Saa saba nilikuwa nimerudi dukani, nguo zinachuruzika. Duka limejaa. Nikawasha redio, nikijua sasa nchi nzima itasikia. Ukaja wewe. Hukukwaruza hata kidogo. "Sehemu ya daraja imepata hitilafu kutokana na wingi wa maji. Watu wawili wamepata majeraha madogo. Hakuna aliyepoteza maisha." Maji gani? Mto ulikuwa unafika kiunoni! Kisha ukaenda kwenye ile vita ya mbali. Kule walikufa mia mbili na kumi na saba. Wale mliwahesabu mpaka wa mwisho.

Yule wa kichwa nusu akaniuliza, "Spika, huyu si dada yako?"

Nilizima redio nikamalizia kichwa chake, nikamkata sikioni.

Mama alisikia akiwa nyumbani. Amezima redio na hajaiwasha tena. Ulipokuwa mdogo tulikuita Kasuku kwa sababu ulirudia kila neno la wakubwa, na tulikuwa tunacheka. Sasa mimi sicheki.

Usiniandikie.


2 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua hii nimeiandika kwako, na kwa kuwa miwani yako ilivunjika, kaka atalazimika kukusomea. Naomba uhakikishe anasoma yote na haruki mistari.

Sisi huku wazima. Mjukuu wako anakusalimu, kapata maksi nzuri za jiografia.

Mama, karatasi ile ilipita chini ya kioo saa saba kasoro dakika mbili. Niliona jina la mji wetu nikasimama. Nikamuuliza mhariri kwa ishara, akanionyesha saa. Taa nyekundu ikawaka. Nikasoma. Namna gani nilisoma bila kukwaruza, sijui. Nadhani ni mazoea, na mazoea hayo ndiyo yananitisha. Nilipotoka nilimfuata.

"Nina ndugu pale," nikamwambia.

"Wamekufa?"

"Sijui."

"Basi furahi. Taarifa inasema hakuna aliyekufa."

"Imetoka wapi?"

"Ofisi ya wilaya. Na taarifa ya wilaya ndiyo taarifa."

Siku tatu nilipiga simu duka la dawa. Ilikuwa imekatwa. Nilijua ukweli kwa barua ya kaka, kama mtu wa nchi nyingine.

Sasa namwambia kaka, Mama ukiwa shahidi. Nataka majina ya hao wanne. Majina kamili, na ya baba zao, na mahali na siku waliyozikwa. Usiniulize ya nini. Umeniita ulichoniita. Nimekisikia. Niandikie majina.

Binti yako


20 Aprili

Kaka,

Hujajibu. Najua barua imefika kwa sababu safari hii niliituma kwa rejesta na karani kanionyesha saini yako. Ukitia saini ya kupokea barua, unaweza pia kushika kalamu ukaandika mistari minne.

Huku kila kitu kinasonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea, hicho ndicho kinachonichoma. Jana nimesoma kwamba ukarabati wa daraja "utaendelea kama ulivyopangwa". Nimesoma pia kuhusu meli iliyozama bahari ya mbali, na majina ya mabaharia wote na umri wao. Nilikuwa nasoma umri wa watu nisiowajua na nikawa najiuliza mwalimu wa hesabu alikuwa na miaka mingapi.

Majina tu. Hata salamu usiweke.


29 Aprili

Barua hii nampa dereva wa basi, posta itachelewa. Majina yapo kwenye karatasi ya pili. Ameyaandika wifi yako, kwa sababu daftari la zahanati lilichukuliwa na watu wa ofisi ya wilaya, lakini alikuwa amenakili. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na nane.

Salamu sijaweka, kama ulivyosema.


9 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu sana, na Mama anakusalimu. Amewasha redio. Naanza na hilo ili ujue.

Jumamosi mchana nilikuwa kwa fundi cherehani. Ulisoma taarifa kama kawaida: waziri kasema hivi, rais wa nchi kubwa kamwita mwenzake mwongo, mwenzake naye kamwita mwongo, na kwa mara ya kwanza nadhani wote wawili walisema kweli. Kisha ukasema ofisi ya wilaya inakanusha uvumi kuhusu daraja letu, hakuna aliyepoteza maisha. Fundi akasonya. Mimi nilishaanza kutoka.

Ukaingia muziki mfupi, wakaja matangazo ya vifo. Na ni wewe tena, sauti ile ile. "Tunasikitika kutangaza kifo cha mwalimu..." ukataja jina lake, jina la baba yake, shule yake, miaka thelathini na nane, "kilichotokea tarehe kumi na mbili Machi, darajani." Ukavuta pumzi. Ukaendelea na wale ndugu wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tangazo lake. Kisha fundi baiskeli. Kila mara, "darajani." Mara nne.

Cherehani ilisimama. Barabara nzima watu walikuwa wametoka milangoni, kila redio inasema neno moja. Mama wa wale wasichana wa vitunguu alikuwa amekaa sokoni pale pale walipokuwa wanauza, akasimama, akawa anaitikia kama anaitwa yeye.

Dada yangu, hivi imewezekanaje? Na wamekufanya nini?

Nilikuita jina baya. Nalirudisha.

Kaka yako


30 Mei

Shikamoo kaka,

Huku hatujambo. Mpwa wako anasoma mpaka anasinzia juu ya kitabu. Mimi nimebadilishiwa kazi kidogo, si jambo la kuandikia barua.

Unauliza imewezekanaje. Ni rahisi mpaka utacheka. Tangazo la kifo halipiti kwa mhariri. Ndugu wa marehemu anakwenda dirishani, anajaza fomu, karani anagonga muhuri, fomu inaletwa kwangu. Hakuna anayehariri msiba. Basi nilipanga foleni mchana kama mtu yeyote, nikajaza fomu nne. Penye "uhusiano na marehemu" niliandika "jirani". Karani hakuinua hata kichwa.

Dunia inaendeleaje huko bungeni kwako? Huku wanasema ile vita ya mbali imesimamishwa, kwa mara ya tatu. Wanasaini, wanapeana mikono, wanapigwa picha, wakifika nyumbani wanaendelea. Mimi siku hizi naangalia sana hizo picha za watu wakitia saini. Natazama nyuso zao. Najiuliza walifikiria nini kalamu ilipogusa karatasi.

Jambo moja kaka. Miaka kumi na nane una redio juu ya kabati, na hujawahi kuzima wakati wa taarifa isipokuwa siku ile. Kwa nini ulinisikiliza kwa fundi cherehani? Redio yako imeharibika?

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Wifi yako hajambo, ila hasemi na mimi, na ana haki.

Wiki sita sasa taarifa ya saa saba inasomwa na mwanamume mwenye sauti kama anauza godoro. Unasema kazi imebadilika kidogo. Sikuamini. Lakini siwezi kukudai ukweli wakati mimi wangu nimeuficha.

Redio haijaharibika. Iko chini ya kitanda.

Tarehe kumi na nane Machi nilikuandikia ile barua nikakuita kasuku. Tarehe ishirini walikuja dukani watu wawili wa ofisi ya wilaya, wamevaa vizuri, wana adabu. Wakakunjua ramani juu ya kiti. Kulikuwa na mstari mwekundu umepita katikati ya duka langu. Wakasema duka liko ndani ya hifadhi ya barabara, lakini mambo haya huzungumzika. Kisha wakatoa karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Kwamba mimi, mtu wa kwanza kufika mtoni, sikuona mtu yeyote aliyekufa. Mmoja akanipa kalamu yake. Mwenzake akaitazama redio akasema, "Na hiyo, Spika, muziki tu, si taarifa."

Nikatia saini. Haikuchukua hata muda wa kunyoa ndevu. Mimi niliyekuwa nawafokea marais wa dunia nzima kila asubuhi, nikasaini, tena nikawasindikiza mpaka mlangoni. Ndiyo maana sikujibu barua zako. Sikuwa na hasira. Nilikuwa sina uso.

Nilidhani itabaki kwenye faili. Jumatatu iliyopita mke wa mwalimu alikwenda wilayani kudai cheti cha kifo. Wakamwambia hakuna kifo, yupo shahidi, wakamwonyesha karatasi yangu. Alikuja moja kwa moja dukani. Wateja walikuwa sita. Hakuingia. Alisimama kizingitini akaniuliza, kwa upole kabisa, "Spika, mume wangu yuko wapi?"

Nilikuwa na wembe mkononi. Sikuwa na neno. Mimi!

Alisubiri. Aliposhindwa kusubiri akaondoka, na wateja wakaondoka mmoja mmoja, hata aliyekuwa na povu.

Sasa wameunda tume ya kuchunguza. Itakaa hapa tarehe ishirini na mbili Julai. Fundi cherehani anasema ni geresha tu, tume zote ni geresha. Huenda.

Nimekwambia. Fanya nalo unachotaka.

Kaka yako


5 Julai

Kaka,

Mama shikamoo. Wifi namsalimu sana. Nimechana barua tatu kabla ya hii.

Nipo maktaba ya kanda za sauti, chini kabisa ya jengo la redio, peke yangu. Kazi yangu ni kupangusa vumbi kanda za miaka thelathini na kubandika lebo mpya. Hotuba za watu waliokwisha kufa wakiahidi maji. Nyumba wametuachia mpaka mwisho wa mwaka, mpwa wako amalize mtihani. Wameniambia hiyo ni huruma, na kwamba niishukuru.

Sasa nikwambie nilichokificha mimi. Tarehe kumi na tatu Mei niliitwa mbele ya watu watano. Nikasema wanne wamekufa, kaka yangu aliwatoa majini kwa mikono yake. Mhariri hakubishana. Alifungua faili, akasogeza karatasi mbele yangu, akaweka kidole. "Huyu ndiye kaka yako? Yeye anasema hakuna aliyekufa. Sasa kati yenu nani mwongo?"

Niliijua saini yako kabla sijasoma jina. Ile herufi ya kwanza unavyoizungusha.

Kwa hiyo nilipokuandikia mwisho wa Mei kuuliza kama redio imeharibika, nilikuwa najua kila kitu. Nilitaka uniambie mwenyewe. Nilikuwa nahesabu siku. Kila nilipopanda kutoka huku chini jioni nilikuwa nasema leo barua itakuwepo, na ikija haisemi, kaka yangu nimempoteza.

Imekuja. Imesema. Lakini sijatulia, usidhani nimetulia. Nimekasirika mpaka mikono inauma. Ulinihukumu ukiwa majini hadi kiunoni, sawa, ulikuwa na haki. Lakini siku mbili tu, kaka. Siku mbili!

Na mimi najua kalamu ile ina uzito gani, kwa sababu nimesoma karatasi za watu miaka kumi na moja. Hilo ndilo linanizuia kukutupa.

Sikwambii uende kwenye tume. Una duka, una Mama, una wifi. Nakwambia tu kwamba mke wa mwalimu aliuliza swali, na bado hajajibiwa.

Mdogo wako


26 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo, na goti halijambo. Na wifi yako tunasema tena. Mpe mpwa wangu salamu, mwambie aache mambo ya watu mia moja mpaka Novemba ipite.

Nilikwenda. Tume ilikaa kwenye darasa, watu watatu nyuma ya meza, katikati jaji mstaafu ambaye kiyoyozi alichozoea hakikuwepo, anajifuta jasho. Nje watu wamejaa mpaka madirishani. Mwashi hakuonekana, wanasema amehama na familia yake. Wakaita majina ya mashahidi, nikaingia. Jaji akasoma karatasi yangu yote kwa sauti. Akauliza, "Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Na maneno haya?"

"Si yangu. Yaliletwa yamepigwa chapa."

"Kwa hiyo uliposaini ulidanganya?"

Ofisa mmoja wa wale wawili waliokuja na ramani alikuwa ameegemea ukuta, ananitazama.

"Ndiyo. Nilidanganya. Niliogopa kuvunjiwa duka."

Kisha nikamgeukia mke wa mwalimu. Alikuwa benchi ya pili. Jaji akaniambia nizungumze na meza. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mtu aliyeniuliza ni huyu," nikaendelea kumtazama yeye. Nikamweleza mumewe tulimkuta wapi, alikuwa amelala vipi, nani alishika miguu na nani kichwa. Kwamba hakuwa peke yake majini, kwamba fundi cherehani alimfumba macho. Nikawataja na wengine watatu. Karani akaandika. Mke wa mwalimu hakulia wala hakunishukuru. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo wake.

Ripoti itatolewa "kwa wakati muafaka". Redio ya jioni ilisema tume imemaliza kazi katika hali ya utulivu, ikaenda kwenye mkutano wa mataifa makubwa, ambayo yana wasiwasi. Kwenye mto bado tunavuka kwa miguu, tumepandisha nguo magotini.

Duka walilivunja Jumatano. Walinipa nusu saa. Nilitoa viti, kioo, kabati. Vingine vilikwenda na ukuta. Nilikaa uani kwa Mama siku nzima, sikutaka kuona mtu.

Leo asubuhi nimeweka kiti kimoja hapo uani, sijui hata kwa nini. Mtu wa kwanza kupiga hodi alikuwa baba yake mwalimu. Alikuwa na ndevu za tangu Machi. Alikaa, akainua kidevu. Nikamfunga kitambaa, nikachanganya povu, nikamnyoa polepole kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu. Nilipomaliza akajipapasa mashavu yote mawili, akasimama, akachukua kofia yake.

"Jumamosi ijayo," akasema, "nitakuja tena."

Kaka yako